Makutapora, Turkana au Kwale: ofisi za serikali zitafiti vipi maji ya chini ya ardhi kwa pamoja?

Miaka kadhaa iliyopita nilifuatana na timu ya uchimbaji hadi kijiji kimoja cha Kanda ya Kati, ambako shule ya msingi ilikuwa imeomba kisima. Vipimo vya ardhini vilishafanyika, kigingi kilishawekwa, mtambo ulishafika. Kabla haujawashwa akaja mzee mmoja. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaelekeza fimbo yake kwenye mbuyu uliokuwa hatua kama mia tatu kutoka tulipo. "Mwanangu, pale walishachimba zamani. Maji yalitoka, lakini ng'ombe waliyakataa." Tulimsikiliza, tukamshukuru, tukachimba. Kwenye mita 110 maji yakaruka, mengi na maangavu, watoto wakashangilia. Mwalimu mkuu alikuwa wa kwanza kuyaonja. Aliyatema.

Baadaye niliikuta kumbukumbu ya kile kisima cha mbuyuni. Kila kitu kilikuwamo: kina, aina ya mwamba mita kwa mita, hata kiwango cha chumvi, vyote vimeandikwa kwa mkono kwenye karatasi iliyogeuka rangi ya chai. Ilikuwa imelala kwenye kabati la ofisi nyingine ya serikali, mtaa wa pili kutoka ofisini kwetu. Hakuna aliyetuficha. Sisi hatukuiomba, na wao hawakujua kwamba tunaihitaji.

Kwa hiyo habari ya ofisi za serikali kushirikiana katika utafiti wa maji ya chini ya ardhi, kwangu mimi, ina ladha ya yale maji. Kwamba tushirikiane, kila mtu ameshakubali; hakuna hotuba ya Wiki ya Maji isiyosema hivyo. Kinachowashinda wengi ni kuchagua ushirikiano wa namna gani, maana ziko namna kadhaa, zina gharama tofauti, na kila moja hujibu swali lake. Mhandisi wa wilaya, afisa wa bonde, afisa wa maji wa kaunti, na hata diwani anayepitisha bajeti, wote hufika mahali pa kuchagua, na mara nyingi huchagua ile iliyokuja na mfadhili. Hapa naweka kando kwa kando mifano mitatu ya kwetu inayojulikana, miwili ya Kenya na mmoja wa Tanzania, na kusema wazi ni upi ningeuchukua na kwa kazi gani.

Kwanza tukumbushane nani ameshika nini. Tanzania, Bodi za Maji za Mabonde tisa ndizo zinazotoa vibali vya kutumia maji na kufuatilia hali ya vyanzo, kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. RUWASA, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2019, inachimba na kusimamia huduma vijijini. Mijini kuna mamlaka za maji. Ramani za miamba ziko kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST), ambayo iko chini ya wizara nyingine kabisa, ya madini. Mvua iko kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA). Kenya, tangu Katiba ya 2010 huduma ya maji ni ya kaunti, huku vibali na ufuatiliaji wa rasilimali vikibaki kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA). Ukitaka kujua kwa nini kisima kimoja kinashuka, unahitaji mvua, mwamba, kiasi kinachovutwa na kina cha maji, na vitu hivyo vinne vinaweza kuwa kwenye majengo manne.

Makutapora: ushirikiano wa kupima kwa muda mrefu

Kaskazini mwa jiji la Dodoma, ndani ya Bonde la Wami/Ruvu, kuna eneo la visima la Makutapora. Kwa miongo mingi ndilo limekuwa likinywesha Dodoma. Mtu akipita hapo asingedhani kuna kitu cha ajabu: nchi kavu, migunga, vichuguu, nyumba za pampu. Ajabu yake iko kwenye madaftari. Tangu katikati ya miaka ya 1950 watumishi wa maji, kizazi baada ya kizazi, wamekuwa wakipima kina cha maji katika visima vya hapo. Serikali zimebadilika, wizara imebadilishwa jina mara kadhaa, kazi ya kupima ikaendelea.

Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliotumia kumbukumbu hizo za miaka 55, kuanzia 1955 hadi 2010. Uliongozwa na Richard Taylor wa chuo kikuu cha University College London (UCL), na miongoni mwa waandishi wake walikuwamo wataalamu wa maji wa serikali ya Tanzania na wa Taasisi ya Jiolojia ya Uingereza. Walichokiona kiligeuza mawazo ya wengi wetu. Maji ya Makutapora hayajazi kidogokidogo kila masika. Misimu saba tu yenye mvua kubwa kuliko yote ndiyo iliyoleta kiasi cha asilimia 60 ya maji yote yaliyoingia ardhini katika miaka hiyo 55, na msimu wa El Niño wa 1997/98 peke yake ulileta karibu moja ya tano. Miaka mingine mingi maji yalikuwa yakishuka tu, yakisubiri.

Hebu fikiria maana yake kwa anayechagua namna ya kutafiti. Mradi wa miaka mitatu uliokuja Makutapora katikati ya kipindi cha kushuka ungeandika kwamba visima vinakufa. Mradi uliokuja mara baada ya 1998 ungeandika kwamba maji ni tele, ongezeni pampu. Wote wawili wangekuwa wamepima vizuri, kwa vifaa vizuri, na wote wangekuwa wamekosea. Na Dodoma si mji wa kukosea: sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa, ile ya 2022 ikahesabu 765,179 katika jiji, baada ya serikali kuhamia huko.

Ushirikiano wenyewe ulikuwa wa namna gani? Sehemu kubwa ulikuwa wa kawaida mno, ndiyo maana haupewi sifa. Wizara na bonde wanapima. Mamlaka ya maji ya jiji inavuta maji. Vyuo, wa ndani na wa nje, wanakuja kusoma madaftari na kuuliza maswali. Baadaye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiliingia kwenye utafiti wa eneo hilo, na watafiti wakaonyesha mchango wa mto wa msimu wa Little Kinyasungwe katika kuyajaza maji hayo. Hakuna hata moja ya hayo lingewezekana kama wapimaji wa miaka ya 1970 wangesema hawaoni faida ya kazi yao.

Kwa vile kupima huonekana kazi ndogo, nieleze inavyofanyika. Kifaa tunakiita dipa. Ni utepe mrefu wenye alama za sentimita, umezungushwa kwenye gurudumu, na nchani una kihisio. Unafungua mfuniko wa kisima, unateremsha utepe taratibu huku kidole kikiugusa ili usikie kama umenasa. Ncha ikigusa maji, kifaa kinalia. Unapandisha kidogo, unateremsha tena, kinalia palepale, unasoma alama kwenye ukingo wa bomba. Kisha unaandika tarehe, saa, kina, na jambo la nne ambalo wengi hulisahau: je, pampu ya kisima cha jirani inafanya kazi au imezimwa? Ikiwa inavuta, maji kwenye kisima unachopima yameshuka kwa muda tu, na namba utakayoandika itamdanganya atakayeisoma miaka 20 baadaye. Sasa tazama: anayepima ni wa bonde, na anayejua ratiba ya pampu ni wa mamlaka ya maji. Hapo, kwenye mfuniko wa kisima, ndipo ushirikiano wa taasisi unapoanza au unapokwama. Nimeona hati za makubaliano zenye kurasa 30 ambazo hazina sentensi inayomtaka mwendesha pampu ampigie simu mpimaji.

Turkana: ushirikiano wa kutafuta haraka

Upande wa pili ni Turkana. Tarehe 11 Septemba 2013, jijini Nairobi, serikali ya Kenya na UNESCO walitangaza kwamba hazina kubwa ya maji imegunduliwa chini ya ardhi ya kaunti hiyo kame. Kampuni ya Radar Technologies International, kwa fedha za Japani, ilikuwa imeunganisha picha za rada za setilaiti na taarifa za miamba, na kuonyesha maeneo matano yenye maji. Mawili, bonde la Lotikipi na lile la Lodwar, yalikuwa yameshathibitishwa kwa kuchimba. Kiasi kilichotajwa kilikuwa mita za ujazo bilioni 250. Habari zikazunguka dunia nzima. Nakumbuka sisi watu wa kazi hii tulivyopigiana simu kwa furaha, na sina haya kusema hivyo, kwa sababu Turkana nimewahi kuona kina mama wakifukua mchanga wa lagga, yaani mto wa msimu uliokauka, kwa mikono mpaka kichwa kinazama ndani ya shimo.

Kufikia 2015 ilishajulikana kwamba majaribio zaidi ya kuchimba Lotikipi yamekutana na maji ya chumvi kupita kiasi cha kunywa. Lodwar ilikuwa na bahati tofauti. Maji yake ndiyo mji unayoyatumia.

Ni rahisi kuulaumu mradi ule, nami sitaki kufanya hivyo. Kwa kazi ya kutafuta, njia ile ina nguvu ambayo Makutapora haina. Eneo ni kubwa, barabara ni chache, kumbukumbu za visima ni haba. Huwezi kumwambia mtu mwenye kiu asubiri madaftari ya miaka 55. Setilaiti huona muundo wa mabonde, nyufa na mito iliyofukiwa, na inapunguza mahali pa kwenda na mtambo. Isichokiona ni ladha. Chumvi, floridi na madini mengine hujulikana maji yakishafika juu na kuingia maabara. Kwa hiyo katika ushirikiano wa namna hii, maabara ya serikali na ofisi ya vibali ziwe zimeketi mezani tangu siku ya kwanza, na tangazo lisitoke kabla yao hawajaandika neno. Mita za ujazo ni namba ya mwanajiolojia. Mwananchi anaishi na namba ya maabara.

Tena kuna somo la Lodwar ambalo huzungumzwa kidogo. Visima vya mji viko karibu na mto Turkwel, na mto huo ndio unaolisha mchanga na kokoto zenye maji hayo. Juu huko, mto umezuiwa na bwawa la umeme lililokamilika mwaka 1991. Wanaoamua maji kiasi gani yaachiliwe kupitia mitambo ya umeme si wale wanaochimba visima Lodwar, wala si kaunti inayouza maji kwa ndoo. Utafiti wowote wa maji ya chini ya ardhi pale usiokuwa na takwimu za bwawa ni sawa na kupima joto la mgonjwa bila kuuliza amekula nini. Setilaiti haina la kufanya hapo. Linahitajika faili kutoka ofisi hadi ofisi, kila mwezi.

Kwale: watumiaji wakiwa ndani

Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, ni kisa cha namna nyingine. Kuanzia 2015 ulifanyika mradi wa utafiti ulioitwa Gro for GooD, ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford, pamoja na Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, Chuo Kikuu cha Polytechnic cha Catalonia huko Hispania, mamlaka ya rasilimali za maji, na serikali ya kaunti. Kilichoutofautisha ni kuwaweka ndani wanaovuta maji mengi kuliko wote: mgodi wa Base Titanium na kampuni ya sukari ya KISCOL. Visima vya viwanda hivyo, vyenye vipimo vya kila mara, vikawa sehemu ya mtandao mmoja wa kupima pamoja na visima vya vijiji.

Vijijini kulikuwa na pampu za mkono, na Kwale ina historia yake hapo: pampu ya Afridev, ambayo mafundi wengi wa Afrika Mashariki wanaijua kama mkono wao wenyewe, ilifanyiwa majaribio huko miaka ya 1980. Safari hii watafiti walifunga kifaa kidogo kwenye mpini wa pampu. Kila mama akipandisha na kushusha mpini, kifaa kinahesabu na kutuma kwa mtandao wa simu. Pampu ikinyamaza, inajulikana siku hiyohiyo, na fundi anatumwa. Napenda sana wazo hili, kwa sababu linampa mwanakijiji kitu leo: pampu yake inatengenezwa upesi, na wakati huohuo mtafiti anapata takwimu za kiasi kinachotumika, jambo ambalo Makutapora na Turkana zilikosa upande wa vijiji.

Faida ya pili ni amani. Mwaka 2016 mvua zilipokata pwani, swali mdomoni mwa kila mtu lilikuwa kama mgodi na miwa vinamaliza maji ya wananchi. Bila vipimo, swali kama hilo hujibiwa na anayepiga kelele zaidi. Kwale kulikuwa na namba za kuweka mezani kutoka pande zote, na mjadala ukawa juu ya namba.

Udhaifu wake nao uko wazi. Ushirikiano huu hutegemea ruzuku ya utafiti yenye mwanzo na mwisho, na nia njema ya kampuni ambayo ina safari yake. Base Titanium ilimaliza uchimbaji Desemba 2024. Anayeiga mfano wa Kwale anatakiwa aandike tangu mwanzo: kampuni ikifunga virago, visima vyake vya uangalizi vinarithiwa na nani, kumbukumbu zinakwenda wapi, betri inabadilishwa kwa fungu gani? Bila maneno hayo, mtandao mzuri unaweza kuondoka na kontena.

Tukiiweka kando kwa kando

Kwa muda, Turkana hutoa jibu la kwanza ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwale huhitaji miaka mitatu hadi mitano. Makutapora huanza kusema maneno ya maana baada ya miaka kumi, na husema maneno makubwa baada ya hamsini.

Kwa fedha, watu wengi hukosea. Hudhani kupima kwa muda mrefu ni ghali. Ghali ni mtambo, setilaiti na wataalamu wa kuruka na ndege. Dipa moja, pikipiki, mafuta na posho ya mpimaji ni fedha ambayo wilaya inayo. Ugumu wake ni kwamba fedha hiyo ndogo lazima itoke kila mwaka bila kukosa, na bajeti zetu hupenda kitu cha kukatiwa utepe. Marekani, ofisi yao ya jiolojia (USGS) ilianza kushirikiana na jimbo la Kansas mwaka 1895, na utaratibu wa shirikisho na jimbo kuchangia gharama za kupima maji ukaenea. Ninachokipenda hapo ni kwamba kila upande una shilingi yake ndani. Anayechangia huuliza taarifa iko wapi. Hati za makubaliano ambamo taasisi moja inalipa kila kitu na nyingine "inatoa ushirikiano" hufa mapema, nimeshuhudia zaidi ya mara moja.

Kwa kubaki na elimu, Makutapora iko mbele kwa mbali, kwa sababu daftari lilibaki kwenye ofisi inayobaki. Mtaalamu wa nje akiondoka, kisima, mpimaji na kumbukumbu viko palepale. Turkana, ustadi wa kusoma rada uliondoka kwa sehemu kubwa na walioufanya. Kwale iko katikati.

Na kwa ubora wa maji, hakuna hata mmoja wa mifano hii ulioanza hapo, jambo linalonisumbua. Ukiwa mikoa ya Arusha, Kilimanjaro au Manyara, usichague mfano wowote kati ya hii mitatu kabla hujaangalia kituo cha utafiti cha Ngurdoto, chini ya Wizara ya Maji, ambacho kwa miaka mingi kimefanya kazi ya kuondoa floridi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miongo mingi iliruhusu hadi 4, kwa kuwa maeneo mengine hayakuwa na maji mbadala. Hiyo ni hukumu inayogusa meno na mifupa ya watoto, na haiwezi kutolewa na watu wa maji peke yao. Wizara ya afya, shirika la viwango, maabara na wachimbaji wanapaswa kuwa kitu kimoja. Nimewaona vijana wa miaka 15 wanaocheka wakiwa wamefunika mdomo kwa kiganja kwa sababu ya rangi ya meno yao. Kwao, swali la mita za ujazo ni la baadaye kabisa.

Uchague upi?

Ikiwa ofisi yako ina eneo kubwa lisilo na kumbukumbu na watu wanahama kwa kiu, anza kwa mtindo wa Turkana, lakini uweke sharti kwamba kila sehemu iliyoonyeshwa na setilaiti ichimbwe kisima cha majaribio na maji yapimwe na maabara ya serikali kabla ya waziri kuandikiwa hotuba. Na kile kisima cha majaribio kisifukiwe. Kifungwe mfuniko wenye kufuli, kiwe cha kwanza katika mtandao wa uangalizi.

Ikiwa una mvutaji mkubwa, yaani mgodi, shamba la maua, kiwanda cha saruji au hoteli za ufukweni, nenda kwa mtindo wa Kwale. Wala usisubiri mtafiti kutoka Ulaya. Ofisi ya vibali ina mamlaka ya kuweka masharti kwenye kibali, na sharti la kupima na kuwasilisha takwimu kila mwezi halihitaji ruzuku ya mtu. Kwa maeneo ya pwani ningeongeza kupima chumvi kila mara, kwa maana bahari iko jirani na haina subira. Dar es Salaam, mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipopungua na mgao ukaanza, visima virefu vya Kigamboni vilikuwa tegemeo. Bila utafiti uliofanyika miaka mingi kabla, visingekuwepo. Maji kama hayo yakiharibika kwa chumvi hayarudi kwa msimu mmoja.

Ikiwa mji wako tayari unakunywa kutoka eneo moja la visima, au wilaya yako ina visima vingi na hujui hali yake, chukua Makutapora. Ningelazimishwa kuchagua mmoja tu kwa nchi nzima, ningeuchukua huo bila kusita. Unaweza kuanza mwezi huu kwa visima vitano. Unahitaji dipa, daftari la jalada gumu, mtu anayeishi karibu, na barua moja ya kurasa mbili kati ya bonde, RUWASA na mamlaka ya maji, ikisema nani anapima, siku gani, nani anatoa ratiba ya pampu, na kwamba nakala ya kila mwezi inakwenda ofisi zote tatu pasipo kuombwa. Neno "pasipo kuombwa" lipigieni mstari. Takwimu zinazotolewa kwa barua ya maombi hukaa mezani kwa mtu aliye likizo.

Vinasa kiwango vya kisasa, vinavyojipimia vyenyewe kila saa, ni vizuri na ningevitaka. Ila nimefungua visima vitatu vyenye vifaa hivyo nikakuta betri zilikufa miezi minane nyuma na hakuna aliyejua. Mpimaji wa kijijini akiugua, mkewe anapiga simu.

Kabla ya yote hayo, kuna kazi ambayo haina mfadhili wala haihitaji. Sheria, Tanzania na Kenya, zinamtaka mchimbaji awasilishe taarifa ya kila kisima alichochimba, hata kile kilichokosa maji. Hicho kilichokosa maji, au kilichotoa chumvi, ndicho chenye thamani kubwa kwa anayekuja nyuma, na ndicho kinachoandikwa kwa uvivu kuliko vyote. Chukueni wiki mbili, ofisi mbili zenye makabati, mkae meza moja na kuorodhesha visima vyote vya wilaya kwenye jedwali moja: kijiji, alama za GPS, kina, mwaka, maji yalikuwaje. Sisi tulifanya hivyo baada ya ile aibu ya mbuyuni. Kwa siku tisa tulikohoa vumbi la karatasi, na tulipomaliza tukaona kwenye ramani mkanda mrefu wa chumvi ukipita katikati ya kata mbili, wazi kabisa, kama njia ya reli. Shule ilikuwa juu yake.

Kisima cha pili cha shule kilichimbwa nje ya mkanda ule, karibu kilomita mbili, na maji yakaletwa kwa bomba. Kile cha kwanza hatukukifukia. Kina mfuniko na kufuli, ufunguo uko kwa mwalimu wa sayansi, na kila tarehe mosi anakwenda na wanafunzi wawili kuteremsha dipa. Ujumbe wake wa mwezi uliopita ulikuwa mfupi, na ulikwenda kwa ofisi zote tatu kwa wakati mmoja: mita 31.42, saa 2 asubuhi, pampu ya jirani imezimwa.